Mwaka wa Kadi ya Familia

Nilikuwa kwenye cherehani, nashona kola za sare za shule, binamu yangu wa Namoruputh aliponipigia simu. Tulisalimiana, ejok, ejok noi, akauliza habari za mvua Lodwar, akauliza habari za watoto, nami nikajua hapo hapo kuna msiba, maana Lopeyok si mtu wa kumaliza salio kwa habari za mvua. Mwishowe akasema baba amefariki alfajiri, akiwa usingizini. Nikauliza mazishi ni lini. Nikasikia sauti za wanaume nyuma yake zikibishana chini chini, kisha akarudi akiwa amepunguza sauti. "Akiru, usinikasirikie mimi, mimi natumwa tu. Wazee wanauliza. Utakuja kama mtoto ama utakuja kama mgeni?"

Sikumkasirikia. Mtu wa kutoka Kitale kwenda chini angesema hao wazee wana wazimu, lakini mimi nililielewa swali lao vizuri kuliko nilivyotaka. Kwetu mwanamume anaweza kuishi na mwanamke, wakazaa na kuzeeka pamoja, lakini kama hajatoa mifugo na dume la ng'ombe halijachomwa mkuki nyumbani kwao mwanamke, hajaoa. Na watoto aliozaa si wake, ni wa kwao mama. Hakuna anayemkataza kuwapenda, kuwalisha na kuwasomesha. Anakatazwa jambo moja tu, kusema kwamba ni wake. Baba yangu, Ewoi, alilisema, tena akiwa ofisini, mbele ya mashahidi, na huo ndio mwaka ninaotaka kuueleza. Kabla ya yote nilimpigia mama, huko kwao Nakalale, nikamwambia. Kisha akauliza, "Alikuwa amekonda?" Nikasema sijui. Akasema haya, akaniaga.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba alikuwa amepata kazi ya kuendesha gari la kusambaza maji Kakuma, tukahama Lodwar sote wanne, yeye, mama, mimi na mdogo wangu Nakali, tukapanga chumba kimoja cha mabati nyuma ya maduka ya mjini. Kilikuwa chumba cha kukuchoma ubongo. Saa saba mchana hukuweza kuegemea ukuta. Shuka la maua lilining'inia katikati, upande mmoja kitanda cha wazazi, upande wa pili mkeka wetu na jiko na debe la maji, na kila kilichosemwa upande mmoja kilisikika upande wa pili. Mwaka ule elimu yangu kubwa niliipata nyuma ya shuka lile. Tulikula ugali na maharagwe, jioni chai ya rangi, na siku ambazo baba amepata kitu, anjera na mchuzi wa mbuzi kutoka kwa Wahabeshi. Mama alikuwa akiimba akipika. Nalisema sasa kwa sababu baadaye aliacha.

Kati ya mji na kambi ya wakimbizi palikuwa na kituo kipya cha michezo na burudani, kimejengwa na shirika moja ili wenyeji na wakimbizi wachangamane. Kila mtu alikiita Senta. Kulikuwa na uwanja wa mpira wa kikapu, ukumbi wenye televisheni na feni, chumba cha vitabu chenye taa za kutosha, na bafu za manyunyu. Ukitaka kuelewa tulivyoitamani Senta, keti chini ya mabati ya Kakuma mwezi wa pili. Kuingia kwa siku kulikuwa na malipo, lakini familia ikisajiliwa ilipewa kadi moja, na wote waliokuwa ndani ya kadi waliingia bure mwaka mzima. Mimi nilitaka zile taa za kusomea. Nakali alitaka maji ya juu, ndivyo alivyoyaita manyunyu. Baba alisema anataka mpira wa televisheni, lakini nilimwona jinsi alivyosimama mbele ya picha zilizobandikwa ukutani pale mlangoni, maana Senta walibandika picha ya kila familia ili mlinzi awajue watu wake. Alizitazama moja moja, za Wasomali, za Wakongo, za walimu wa kutoka bara, kila mwanamume amesimama katikati ya watu wake.

Msimamizi wa uandikishaji alikuwa Bwana Barasa, kijana mpole wa kutoka Bungoma, mwenye leso ya kujipangusia jasho isiyokauka. Sina ubaya naye. Alifuata maneno aliyopewa. Tulipoingia, Mama Nyibol alikuwa mbele yetu. Huyu alikuwa mama wa Sudan Kusini aliyeuza chai hapo nje, jitu la mwanamke, mwenye kucheka kwa tumbo lote, na siku ile hakuwa anacheka. "Watoto ni saba," alimwambia Barasa. "Mimi nakula na wao, nalala na wao. Kwa nini unakataa?" Barasa akamweleza tena, kwa upole, kwamba familia ni baba na mama na watoto wao wa kuwazaa, wanaokaa chini ya paa moja. Wale saba walikuwa wa dada zake na wa majirani waliokufa njiani. Angeweza kuwaandikisha kama kikundi, kama vile timu ya mpira. Mama Nyibol alitoka akatupita, akaniambia kwa sauti ya kutaka wote wasikie, "Umesikia, binti? Mimi si mama. Mimi ni kocha." Tulicheka, hata Barasa alicheka, na baba akacheka kuliko wote. Kisha ikawa zamu yetu.

"Mlioana kanisani, serikalini, ama kienyeji?" Barasa aliuliza.

"Kienyeji," baba akasema.

"Na ilikamilika?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, nikaona mabega yake yametulia tuli. Feni ilizunguka. Baba angeweza kusema bado. Watu wengi husema bado, tena bila aibu yoyote, babu zangu wawili walilisema neno hilo mpaka mvi. "Ilikamilika," baba akasema. Barasa akasema vizuri, leteni mashahidi wawili, na mje wote mmevaa vizuri kwa picha.

Jioni ile nilisikia mabishano nyuma ya shuka. Baba alikuwa amenunua alagama, ile pete nzito ya shingoni anayovishwa mke siku dume linapochomwa. Aliinunua sokoni kwa mtu aliyewauzia wageni mapambo. Mama alisema kitu hiki hakinunuliwi. Baba akasema ni cha picha tu, Barasa ni Mluhya, hajui chochote. "Barasa hajui," mama alisema, "lakini picha itakaa ukutani." Baba akamwambia asiwe mtu wa kuogopa kivuli chake. Baadaye nikamsikia akisema, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, kwamba amechoka kuwa mpangaji katika nyumba yake mwenyewe. Kesho yake mama alivaa ile pete juu ya shanga zake, akapigwa picha akiangalia kando. Marafiki wawili wa baba walishuhudia ndoa waliyojua haipo, na kwa kuwa mtu huwezi kumtoa rafiki yako kazini ukamwacha aende na njaa, baba alichinja mbuzi. Majirani walikuja. Nyama ikaliwa, watu wakapiga makofi, mmoja akaimba. Mama aliivua alagama kabla ya sufuria kuinjikwa, lakini watu walikuwa wameshaiona.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwetu ilipanda lori la mbuzi lililokuwa likielekea Nakalale. Mmoja wa wale mashahidi alikuwa utingo wa lori hilo. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Nadhani alikuwa ameshiba na alitaka kusimulia karamu.

Mjomba Lokwang, kaka mkubwa wa mama, alifika siku ambayo upepo ulikuwa umebeba mchanga mpaka mji ukawa rangi moja. Nilirudi kutoka shule nikamkuta ameketi mlangoni petu juu ya kigoda chake, fimbo mapajani, miguu imekunjwa vizuri. Nilimwamkia, akanishika kichwa, akanitazama sana. Hakuwa mzee wa kelele. Laiti angekuwa wa kelele. Baba aliporudi na kumkaribisha, mjomba alikunywa chai yake yote bila haraka, akakigeuza kikombe chini, ndipo akasema kwa Kiturkana, "Nimekuja kuona harusi ambayo sikualikwa."

Baba alicheka, kwa woga. Akasema watu wa malori wanapenda kuongeza chumvi. Mjomba akasema naye amedhani hivyo hivyo, ndiyo maana amekuja kujionea mwenyewe. Akalala kwetu, upande wetu wa shuka, mimi na Nakali tukahamia chini ya kitanda cha wazazi. Jirani mmoja alimtania baba kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baba akamjibu kwamba huku hakuna shamba. Lakini utani ule haukupata kicheko, na jirani mwenyewe hakurudi tena kukopa chumvi. Wengine pia waliacha kuja. Mama aliacha kuimba. Nilipomuuliza kwa nini, alisema koo linawasha kwa vumbi.

Siku ya soko mjomba alisema anataka kuona hiyo nyumba ya michezo. Baba alikuwa kazini, kwa hiyo nilimpeleka mimi pamoja na Nakali. Mlangoni nilitoa kadi, mlinzi akatazama ukutani, akatuhesabu kwa kidole, akamzuia mjomba. Barasa akaitwa. Nilitafsiri, na natamani ningekuwa nimekwenda kisimani siku ile.

"Mwambie mzee samahani," Barasa akasema. "Mjomba si familia. Familia ni hawa wanne kwa picha. Yeye nitamwandikia pasi ya mgeni, aingie leo tu."

Nilitafuta njia ya kuyasema maneno yale kwa Kiturkana yasiume. Haikuwepo. Mjomba alisikiliza, kisha akaisogelea picha. Alimtazama baba aliyetoa kifua mbele. Alinitazama mimi na Nakali. Halafu alimtazama mama, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya shingo ya mama, juu ya ile pete, akakiacha hapo kwa muda mrefu mpaka Barasa akakohoa. "Mwulize kijana huyu," alisema, "ni nani aliyemwambia kwamba mimi ni mgeni kwa watoto wangu." Sikumwuliza. Nilimwambia Barasa mzee anashukuru, hataki kuingia. Mjomba alitoka, akaketi kwenye kigoda chake chini ya kivuli chembamba cha mti wa mathenge, uso umeelekea lango la Senta, na kuanzia hapo kila siku alikwenda kuketi pale pale. Hakufanya kitu. Aliangalia tu nani anaingia na nani. Mama Nyibol alimpelekea chai akakataa kuichukua. "Binti," aliniambia, "mzee akinyamaza namna hii, kwetu tunaficha watoto." Nikamwambia ni mjomba wangu. Akasema ndiyo, anajua, wale wa kwao pia walikuwa wajomba.

Mjomba na baba walizungumza jioni moja kabla giza halijaingia, sisi tukiwa nje na masikio ndani. Mabati hayafichi neno. Mjomba alisema, "Miaka yote hii tulikuwa tunakuuliza, Ewoi, na wewe unasema bado. Bado ni neno la heshima. Mtu wa bado ni mkwe wetu, tunamngoja, ukame ukija tunamsamehe. Sasa mke amevishwa, nyama imeliwa, mashahidi wamesema, na kwetu haijaja hata kwato. Hiyo si ndoa. Umetuibia." Baba akasema atalipa. Mjomba akasema hakuja kudai mifugo. Alikuja kuchukua watoto, kwa kuwa mtu akianza kuiita mali yako yake, unaiondoa zizini mwake. Kisha akaongeza, taratibu, kwamba yule mkubwa ameshafika, na kuna mtu mwenye ngamia amemwulizia.

Yule mkubwa nilikuwa mimi. Nakali alinishika mkono akaubana, kucha zake zikaniingia, na sikusikia maumivu. Nilimjua mtu mwenye ngamia. Kila mtu alimjua. Alikuwa na wake watatu na jicho moja, na binti yake wa kwanza alinizidi umri.

Mama ndiye aliyepata njia. Alimwomba kaka yake kitu kimoja, na mjomba, baada ya kufikiri, akakubali. Baba aende Senta mchana, watu wakiwepo, aseme kwamba alidanganya. Picha ishushwe, kadi irudishwe. Mjomba angeiona picha ikitoka ukutani, angechukua kigoda chake arudi Nakalale, na tungeendelea na bado yetu kama zamani. Ilikuwa rahisi hivyo. Nililala usiku ule nikiwa nimeshasamehe kila mtu.

Baba alikwenda. Alivaa shati lake la picha. Tulingoja chumbani, mama akipepeta mahindi ya mgao aliyoyanunua kambini, akiyarudia yale yale yaliyokwisha kuwa safi. Baba aliporudi hakutuangalia. Alisema Barasa amemweleza kwamba anayekiri udanganyifu anaandikiwa ripoti, na ripoti inakwenda kwa shirika, na gari la maji ni la shirika lile lile. Mashahidi nao wataitwa. "Nitapoteza kazi," alisema. "Tutakula nini?" Mama akamwuliza kama picha bado ipo ukutani. Baba akasema watu walikuwa wengi mno pale mlangoni, wengine wanamjua, Wasomali wa duka, vijana wa gereji. Mama akauliza tena, neno kwa neno, kama picha bado ipo ukutani. Baba akasema ipo.

Nimejaribu kumwonea huruma kwa jibu lile, na siku nyingine naweza. Kazi Kakuma haikuwa kitu cha kuchezea. Lakini nilikuwepo, nikaona uso wake, na haikuwa kazi peke yake. Aliipenda ile picha. Kwa mara ya kwanza watu walipita wakaona kwamba Ewoi ana familia, na alikuwa tayari kuipoteza familia yenyewe kuliko kushusha picha yake. Nilimchukia kwa hilo. Nikamchukia pia Barasa na leso yake, na waandishi wa sheria zake ambao hawakuwahi kukaa kwenye boma hata siku moja, lakini hao walikuwa mbali, na baba alikuwa pale pale, anaomba maji ya kunawa.

Mama alitoka nje akamfuata kaka yake. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mifugo ambayo haikutolewa ilikuwa kwa ajili yangu, si kwa ajili ya Akiru. Deni lenu ni mimi. Nichukueni mimi. Mdogo nitakwenda naye, bado ananihitaji. Mkubwa mwacheni amalize shule, na huyo mwenye ngamia mwambieni hana mtu hapa." Nafikiri mjomba hakutegemea hilo. Nafikiri pia alifarijika, kwa sababu alikuwa mtu wa sheria, si mtu mbaya, na ndiyo sababu nilimwogopa. Akasema, "Haya."

Yaliyofuata nayasema kwa kifupi. Kadi yetu haikufutwa. Barasa aliniambia kwamba maadamu mama hajaandikishwa kwingine, sisi bado ni familia kamili ya watu wanne, na mlinzi aliendelea kunifungulia. Nilisoma chini ya zile taa nikafaulu mtihani, sitajifanya kwamba sikuzitumia. Baba aliingia ukumbini kila Jumamosi kutazama mpira, akipita mbele ya picha. Nilipomaliza shule nilirudi Lodwar, naye aliacha kazi akaenda upande wa Namoruputh, kwa ndugu zake, akisema anakusanya mifugo. Ukame ulikuja, ukaja mwingine. Kila aliyetoka huko alisema bado anakusanya. Mama na Nakali niliwatembelea Nakalale kila likizo, na kila mara mjomba alinichinjia mbuzi. Kesho nitapanda gari niende kuzika. Wazee wakiniuliza tena nimekuja kama nani, nitaketi nile chakula chao, na mwenye ubavu aninyang'anye sahani.

Lakini siku yenyewe ya kuondoka ndiyo inayonirudia. Lori lilikuwa limesimama karibu na ukingo wa mto Tarach, mto mkavu, mbuzi wakilia nyuma, utingo yule yule akifunga kamba bila kututazama. Mjomba alikuwa ameshapanda, na Nakali amebebwa juu, ameketi kwenye gunia na mdomo umefumbwa. Mama alikuwa na shuka lake, sufuria moja, na shanga zake. Alinipa maagizo ya maharagwe, niyaloweke jioni, nisiyaache na baba yataungua. Kisha akamgeukia baba. Walikuwa wameishi pamoja tangu kabla sijazaliwa, na sikuwahi kumwona akimtazama hivyo, machoni, kama msichana anayemtazama kijana aliyekuja kwao mara ya kwanza.

"Ewoi," alisema, "kwetu unapajua. Njoo unioe."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Halafu akaangalia saa yake, maana zamu yake ya maji ilikuwa imefika.